Shughuli Hizi ni za Nani?

Popote ulipo, ndani ya daladala kwenye foleni, jikoni, dukani unafunga hesabu, au umejinyoosha ukingoja taarifa ya habari, naomba unitegee sikio. Leo nataka tuzungumzie uchovu wa aina moja ambao dawa yake haiuzwi famasi: uchovu wa mtu aliyekuwa mbioni kutwa nzima, na jioni akiulizwa leo umefanya nini, hajui ashike lipi aache lipi.

Sikiliza tunavyosalimiana siku hizi. Unamuuliza mwenzako habari za kazi, anakujibu, "Mbio tu, kaka." Mwingine, "Mishemishe." Mwingine, "Nimebanwa, hata chai sijanywa." Na ukimtazama vizuri usoni, halalamiki hata kidogo. Anajisifu. Kubanwa kumekuwa cheo. Mwenye simu mbili zinazolia kwa pamoja ndiye tunayempisha kiti. Anayekaa kibarazani saa kumi na moja jioni na kikombe cha kahawa tunamtilia shaka: huyu naye, kazi hana? Tumezoea kupima nguvu za mtu kwa wingi wa pilikapilika zake.

Mimi nasema kipimo hicho ni kibovu. Nguvu ya mtu inatoka pale mambo matatu yanapolingana ndani yake: anachokiamini, anachokisema, na anachokifanya kuanzia asubuhi mpaka jioni. Yakilingana, hata shughuli chache huzaa. Yakipishana, fanya kazi usiku na mchana, utakuwa unapiga makasia nanga ikiwa bado chini. Na ukitaka kumtambua mtu ambaye mambo yake yamelingana, usihesabu aliyoyakubali. Tazama aliyoweza kuyaacha.

Najua kuna msikilizaji ameshaanza kukunja uso. Anasema, hayo ni maneno ya walioshiba. Mimi naamka saa kumi alfajiri kuwahi mnada wa samaki Feri, nisipokimbia watoto hawali, na wewe unaniambia habari za utulivu? Ana haki ya kuuliza. Njaa haingoji mtu atafakari. Jasho la kutafuta riziki siligusi, naliheshimu. Nazungumzia ule mzigo wa pili tunaojitwika juu ya riziki: kikao ambacho hatukuwa na haja nacho, biashara ya tatu tuliyoianzisha kwa sababu jirani ameianzisha, ahadi tuliyoitoa kwa aibu, grupu la WhatsApp tunalolisoma usiku wa manane na hatukumbuki nani alituingiza. Na ili tuelewane, mfano wangu wa kwanza nitauchukua hukohuko kwa watafuta riziki.

Kuna mama lishe mmoja karibu na stendi ninayopandia daladala. Anauza wali, maharage, mchicha na samaki wa kukaanga. Ikifika saa nane na nusu mchana masufuria yameshasuguliwa na kufudikizwa juu ya benchi, naye anajifunga kanga yake aende zake. Wateja wanaochelewa hununa. Siku moja kijana wa bodaboda alimwambia, nami nipo, "Mama, unachezea hela. Weka chipsi, weka supu asubuhi, kaa mpaka usiku." Mama aliendelea kukunja turubai lake. Kisha akamjibu, "Mwanangu, nikiongeza sufuria nitataka msichana wa kunisaidia. Nikimweka msichana nitataka mkopo wa kumlipa mpaka biashara isimame. Na mkopo huo naujua, ulishanichukulia friji." Tukacheka sote. Akaeleza kwamba Alhamisi jioni ana kikoba, na jioni nyingine anakaa na mjukuu wake wa darasa la nne, maana hesabu za sehemu zinampiga chenga, na nyumbani hakuna mwingine wa kumsaidia.

Sisemi kila mama lishe afunge saa nane. Mwingine ana watoto watano shuleni na kodi ya pango inamkodolea macho. Kwake kukaa mpaka usiku ndiko kulingana. Ninachokitazama kwa mama huyu ni kwamba anajua kwa nini. Umemuuliza, na sababu zake zinafuatana, hii inaishika ile. Hasara ya kufunga mapema anaijua na ameikubali. Sasa nenda kamuulize mtu wa ofisini mwenye vikao vinne kwa siku, kwa nini yuko kwenye kile cha tatu. Atakwambia, "Nimeitwa." Basi, hilo ndilo jibu lote. Mtu msomi, mwenye mshahara na gari, siku yake imepangwa na kila mwenye namba yake ya simu.

Msikilizaji, tutoke stendi turudi nyuma hadi Machi 1955. Julius Nyerere, mwalimu katika shule ya Mtakatifu Fransisko pale Pugu, ametoka New York kueleza shauri la Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. TANU, chama anachokiongoza, kimezaliwa 7 Julai 1954, hakijatimiza mwaka. Siku za kazi anafundisha. Mwisho wa juma anashuka Dar es Salaam kwa shughuli za chama, safari ya kilomita kama 20, na wanaomkumbuka husimulia kwamba aliitembea kwa miguu. Ukimtazama kwa macho yetu ya leo ungempigia makofi: huyu ndiye mpambanaji, anayamudu yote mawili! Lakini uongozi wa shule ukamwambia achague, ualimu au siasa. Naye akaandika barua ya kuacha kazi.

Pima uzito wa barua ile. Huyu alikuwa na shahada ya M.A. ya Chuo Kikuu cha Edinburgh aliyoipata 1952, katika nchi ambayo Waafrika wenye shahada ungeweza kuwahesabu kwa vidole. Alikuwa na mshahara wa uhakika, mke na watoto wadogo. Chama alichokichagua hakikuwa na fedha za kumlipa. Akafunga virago, akarudi kwao Uzanaki. Huko, kwa miezi kadhaa, alimfundisha Kizanaki padri mmoja wa shirika la Maryknoll na kutafsiri mafundisho ya dini kwa lugha hiyo. Kwa mtazamaji wa pembeni, kiongozi wa kupigania uhuru amekwenda kupoteza muda kijijini, wakati wakoloni wako kazini. Aliporudi Dar es Salaam, alirudi akiwa na kazi moja tu. Kuanzia hapo TANU ikapata mtu mzima mzima, ambaye mwanzoni ilikuwa ikimpata Jumamosi na Jumapili. Na ajabu ni kwamba darasa aliliacha, lakini jina la Mwalimu likamfuata mpaka kaburini.

Huyo huyo, Julai 1957, aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la serikali ya kikoloni. Hebu fikiria heshima yake: kiti, kumbukumbu rasmi, kuitwa mheshimiwa. Mapendekezo yake yakawa yanakataliwa. Desemba mwaka huohuo akajiuzulu. Angeweza kubaki, akahudhuria kila kikao, akaonekana mchapakazi, na kila mwezi posho ikaingia. Aliona kwamba anachokiamini na anachokifanya vimepishana, naye akachukua hatua.

Kisha tukio ambalo mpaka leo linawashangaza wengi. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961, Nyerere akiwa Waziri Mkuu. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baadaye, akajiuzulu na kumwachia nafasi Rashidi Kawawa. Nchi changa, kazi zimejaa mezani, mabalozi wanapanga foleni kumwona, na mwenye nyumba anatoka mlangoni. Tusilipambe jambo hili kupita kiasi. Kulikuwa na mvutano wa siasa nyuma yake: ndani ya chama watu walinung'unika kwamba nafasi za serikali zinachelewa kwenda kwa Waafrika, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa vinatunisha misuli. Hakutoka ili akapunge upepo. Lakini tazama alichokifanya na muda ule. Alizunguka nchi, akakaa na wanachama, akakijenga upya chama ambacho baada ya uhuru kilikuwa kama hakijui tena kazi yake ni ipi. Aprili mwaka huohuo likatoka andiko lake kuhusu Ujamaa, lililoweka wazi anaamini nini. Ilipofika 9 Desemba 1962 na nchi kuwa Jamhuri, alirudi akiwa Rais aliyechaguliwa kwa kura, mwenye fikra zilizokaa mstari.

Ningependa uongeze na hili dogo. Mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi yenye miaka miwili ya uhuru, ilichapishwa tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Sisi tunaosema hatuna nafasi hata ya kusoma gazeti tujiulize: Rais wa nchi aliupata wapi muda wa kukaa na mstari mmoja wa Kiingereza mpaka upate mapigo yake ya Kiswahili? Saa zake zilikuwa 24 kama zetu. Tofauti ni kwamba alijua kukiita Kiswahili lugha ya taifa kunadai kazi, na kazi hiyo akaihesabu kuwa ni yake.

Sasa, kama ningeishia hapa, ningekuwa nimekusomea wasifu wa shujaa, na wa hivyo umesikia wa kutosha. Maisha ya mtu huyuhuyu yana upande wa pili unaofundisha zaidi.

Katika mkoa wa Ruvuma, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU walianzisha wenyewe kijiji cha Litowa, wakalima pamoja na kuamua mambo yao kwenye mkutano wao. Vijiji vingine vya jirani vikafuata, vikaunda umoja wao wa maendeleo. Nyerere aliwapenda. Mwaka 1967, alipoandika kuhusu ujamaa vijijini, alisisitiza kwamba watu waingie kwa hiari, wavutwe kwa kuona faida, wasilazimishwe. Hayo ndiyo aliyoyaamini na kuyasema. Lakini Septemba 1969 umoja ule wa Ruvuma ulivunjwa na chama chake mwenyewe. Na Novemba 1973 akatangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kuishi vijijini kutakuwa lazima kwa kila mtu.

Hapo ndipo hekaheka ilipoanza. Malori, orodha, tarehe za mwisho, wakuu wa mikoa wakishindana nani amehamisha wengi. Mamilioni ya watu walihamishwa, mahali pengine nyumba zikabomolewa au kuchomwa moto ili wasirudi nyuma. Wengine walishushwa porini, msimu wa kulima umekaribia, wasijue udongo ule unakubali zao gani. Ukame nao ukaja, na katika miaka ya 1974 na 1975 nchi ikalazimika kununua chakula kingi kutoka nje. Ukihesabu kwa shughuli, sijui kama kuna wakati serikali ile ilifanya kazi kwa bidii kuliko miaka ile. Ripoti zilijaa. Lakini lililoaminiwa, yaani hiari, na lililotendwa, yaani amri, yalikuwa yameachana njia. Bidii yote ile haikuweza kuziba pengo hilo, iliongeza tu kasi ya kulipanua.

Nimelisimulia hili kwa sababu mbili. Kwanza, kulingana ndani si kitu unachokipata mara moja ukakiweka kabatini. Mtu aliyekuwa nacho 1955 na 1962 alikipoteza katika jambo lililokuwa karibu kabisa na moyo wake. Pili, huwezi kumpa mtu mwingine kitu hicho kwa amri. Wa Litowa walikuwa na nguvu kwa sababu kijiji chao kilitoka vifuani mwao. Aliyeshushwa kwenye lori alipewa kijiji kilekile kwenye ramani, lakini hakikuwa chake. Mzazi anayemjazia mwanawe ratiba ya tuisheni Jumatatu mpaka Jumapili, na bosi anayepanga vikao vya kuhamasisha kila wiki, nao wanapaswa kulitafakari hilo.

Msikilizaji, watu wetu wa pwani hawakuwa wageni wa jambo hili la kulinganisha nia na kitendo. Uliza katika madrasa yoyote, mtoto mdogo atakwambia swala haisihi bila nia. Utasimama, utarukuu, utasujudu, utatoa salamu, viungo vyote vimefanya kazi yake. Nia ikikosekana, umefanya mazoezi ya mwili. Saumu ya Ramadhani nayo, kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, hutiwa nia usiku, kila usiku, kabla alfajiri haijaingia. Asiyetia nia ameshinda na njaa tu. Huo ni uchambuzi mkali sana wa kazi ya binadamu. Unasema kwamba vitendo viwili vinaweza kufanana kabisa kwa nje, kimoja kikawa kitu na kingine kikawa si kitu. Na unasema kwamba nia haitoshi ya jana. Leo utaitia tena. Wakristo wenzetu nao wana siku moja katika saba ya kusimamisha kazi, na amri hiyo haikuwekwa kwa ajili ya wavivu, maana mvivu haihitaji. Imewekwa kwa ajili ya mchapakazi, ili akumbuke kwamba kazi si bwana wake.

Kuna atakayeniambia, hayo ni ya dini na siasa, nipe mfano wa mtu anayetafuta ushindi. Twende Kaptagat, karibu na Eldoret nchini Kenya, alikofanyia mazoezi mwanariadha Eliud Kipchoge. Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 mjini Paris, kijana wa miaka 18, akiwashinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Mwaka 2012 alishindwa kuingia timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mtu wa mishemishe angeongeza mashindano, akimbie huku na huku kutafuta kilichopotea. Kipchoge aliuacha uwanja, akahamia barabarani, na mwaka 2013 akashinda maratoni yake ya kwanza mjini Hamburg. Baada ya hapo, miaka yake mikubwa ilikuwa ya maratoni mbili tu au karibu na hapo kwa mwaka. Alishinda Olimpiki ya Rio 2016 na ya Tokyo iliyofanyika 2021. Tarehe 12 Oktoba 2019 mjini Vienna, katika mbio maalumu zisizoingia kwenye rekodi rasmi, alimaliza kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40.

Siri ya kambi ya Kaptagat, chini ya kocha Patrick Sang, haina uchawi. Siku za mazoezi makali ni chache na zinajulikana. Siku nyingine wanakimbia polepole. Mchana wanalala. Bingwa wa Olimpiki alishika zamu ya usafi kama wenzake, na aliyoyafanya kila siku aliyaandika kwenye daftari. Mwanariadha anajua kwamba msuli unajijenga wakati wa kupumzika, baada ya kuchoshwa kwa makusudi. Ukimfanyisha makali kila siku, atavunjika kabla ya msimu. Sisi wengine tunataka kila siku iwe ya makali, kisha tunashangaa kwa nini Novemba hatuna pumzi.

Haya, tuje nyumbani. Kwa nini kuacha kunatuwia vigumu? Mimi nadhani kwetu Waswahili ugumu mkubwa hauko kwenye tamaa, uko kwenye adabu. Tumelelewa kutomvunja mtu uso. Mtu akituomba jambo, hatusemi siwezi. Tunasema, "Tutaona." "Nitajitahidi." "Inshallah." Maneno mazuri, na inshallah ni neno zito la imani, lakini tumeligeuza kuwa mlango wa kutokea.

Chukua kamati ya harusi. Simu inalia usiku. "Kaka, shikamoo. Tumekuweka kamati ya chakula. Kikao Jumapili saa kumi." Kaka hana nafasi, na moyoni anajua. Anajibu, "Marahaba mdogo wangu, hakuna shida." Wiki ya kwanza haendi, anasema yuko msibani. Wiki ya pili anafika amechelewa, anakaa karibu na mlango akichezea simu. Wiki ya tatu mweka hazina anapiga, simu inaita mpaka inakata. Bado havijatajwa kichen pati na sendofu, ambavyo navyo vina kamati zake na kadi zake za mchango. Mwishowe harusi inapita, sahani zimepungua, lawama zimemwangukia yeye, na udugu umepata ufa. Alikubali ili asimuudhi ndugu yake, na ndugu yake ameudhika vilevile, kwa gharama kubwa zaidi.

Angeweza kusema hivi: "Marahaba, mdogo wangu. Hongera sana kwa shughuli. Kamati siiwezi safari hii, nikiingia nitawaangusha. Mchango wangu nitautuma Ijumaa, na siku ya harusi nitakuwa ukumbini saa tisa kupokea wageni." Ndugu angenung'unika siku hiyo, kisha angetafuta mwingine mapema. Mchango ungefika Ijumaa. Wageni wangepokewa. Mtu huyu amefanya mambo machache kuliko yule wa kwanza, na amekuwa na faida kubwa kuliko yeye. Adabu haikuvunjwa popote. Kinyume chake, amemheshimu mwenzake kiasi cha kumwambia ukweli.

Sasa naomba tufanye kazi ndogo pamoja. Chukua karatasi. Andika yote uliyoyafanya wiki iliyopita, kuanzia makubwa mpaka madogo, na usisahau yale ya kwenye simu. Kisha mbele ya kila moja andika jina la mwenye shughuli hiyo. Shughuli hii ni ya nani? Nyingine ni ya mwajiri, na mshahara wake unaupokea, hiyo ni halali yako na yake. Nyingine ni ya mama yako mgonjwa, nayo ni yako pia kwa sababu unampenda. Ukifika kwenye zile ambazo huwezi kuandika jina, au jina unaloandika ni la mtu ambaye ulitaka tu akuone, hapo weka kalamu chini kidogo. Utakuta kuna shughuli zilizokuja kwa wivu, zilizokuja kwa woga, na zile zilizobaki kwa mazoea tu, mwenyewe alishaondoka zamani. Kuna kikundi kilianzishwa kwa ajili ya jambo fulani, jambo limekwisha, watu bado mnachanga na kukutana, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema tuvunje.

Halafu fanya hesabu ya pili, iliyo ngumu zaidi. Andika mambo matatu ambayo kwenye msiba au kwenye mimbari ungesema ndiyo unayoyathamini. Mtasema watoto, mtasema afya, mtasema elimu, mtasema Mungu. Rudi kwenye karatasi ya kwanza utafute saa zake. Mtu anayesema watoto kwanza, na wiki nzima hakuna hata jioni moja yenye jina la mtoto, hajadanganya mtu mwingine yeyote. Amejidanganya yeye, na ule uchovu wa jioni tulioanza nao unatoka hapo. Mwili unaweza kubeba mzigo mkubwa unaoujua. Unaochosha ni mzigo usioujua umeutwaa wapi na unaupeleka kwa nani.

Usiku wa leo usiamue kubadilisha maisha yote. Hiyo nayo ingekuwa pilikapilika nyingine. Chagua shughuli moja isiyo na jina lako, na wiki hii umrudishie mwenyewe kwa maneno ya wazi, kwa adabu, bila kusingizia msiba wala mtandao mbovu. Ule muda utakaobaki usiukimbilie kuujaza. Upe jambo moja kati ya yale matatu uliyoyaandika, hata kama ni saa moja. Atakuwepo wa kusema umebadilika, umeringa, pesa zimekuharibu. Mvumilie. Alikuwa amezoea kukubaliwa na mtu ambaye hakuwepo.

Na ukimaliza wiki, chunguza kitu kimoja: watu wanapokusikia ukisema ndiyo, wanaanza kujipanga au wanaanza kutafuta mtu wa akiba? Mwenye kusema siwezi pale asipoweza, akisema nitakuja watu huweka sahani yake. Nguvu ya namna hiyo hainunuliwi kwa vikao, wala simu ya pili haikuongezei. Inapatikana kwa kila mtu, tajiri na mchuuzi, na inaanza na jibu moja la kweli.